Yiayia wa Lowell: niliyojifunza nikimtunza bibi wa Kigiriki mpaka arobaini yake

Wenzangu mnaofanya kazi ya kutunza wazee huku Massachusetts, na nyinyi mnaojiandaa kuja kuifanya, haya nawaandikia nyinyi kabla sijasahau. Lowell Wakenya tumejaa, karibu kila nyumba unayoingia kuna mtu ana cheti cha CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, au anakisomea, na kozi yenyewe tunaijua, zile saa 75 na zaidi za darasani na wodini, kupima presha, kumgeuza mgonjwa kitandani, kuosha, kulisha, kufunga mkanda wa kumnyanyulia mtu. Yote ni muhimu. Lakini hakuna hata saa moja tuliyofundishwa ufanye nini na mama wa miaka themanini na kitu aliyezaliwa Ugiriki, Kiingereza chake kimeondoka chote, kuna siku hagusi chakula kabisa na kuna siku anakula vizuri tu, na kila jioni anakaa anatunga kitu ambacho hakipo. Hayo niliyajulia humo humo nyumbani mpaka Mungu alipomchukua mwaka 2024, na laiti kuna mtu angenikalisha chini akaniambia mapema, yeye asingehangaika vile na mimi ningelala usingizi wa maana.

Niseme kidogo alikuwa nani manake bila hiyo mengine hayataeleweka. Yiayia, ndivyo nyumba nzima ilivyomwita bibi yao na mimi nikafuata, alizaliwa 1935 kijiji kimoja milimani nyuma ya mji wa Kavala, kaskazini mwa Ugiriki. Mama yake hakuwa mwenyeji wa pale. Aliletwa akiwa mtoto kutoka Anatolia, ng'ambo ya bahari, baada ya vita vya 1922, pale makubaliano ya Lausanne ya 1923 yalipoamua kwamba Wakristo wa upande wa Uturuki wahamie Ugiriki na Waislamu wa Ugiriki wahamie Uturuki, watu zaidi ya milioni moja upande huu na laki kadhaa upande ule, na hakuna aliyeulizwa kama anataka. Kwa hiyo Yiayia alikulia kwenye nyumba ya watu walioacha kila kitu wakashikilia walichoweza kubeba, yaani ikoni moja ya Bikira Maria, mapishi, nyimbo na majina ya wafu wao. Halafu vita kuu ya pili na njaa yake, halafu vita ya wenyewe kwa wenyewe kuanzia 1946 hadi 1949, na muda wote huo kazi ni tumbaku, watoto wanaamshwa usiku wa giza kwenda kuchuma majani kabla jua halijawa kali, kisha mchana kutwa wanayatunga kwenye uzi kwa sindano ndefu ili yaanikwe. Hii ya sindano ishikeni, nitairudia.

Alifika Lowell 1969 na mumewe. Kabla ya hapo ilikuwa shida sana kwa Mgiriki kuingia Marekani kwa sababu ya ile migao ya 1924 iliyoiwekea kila nchi idadi ya wahamiaji, sheria ya 1965 ndiyo iliyoifuta na kufungua njia ya watu kuita ndugu zao, na shemeji yake alikuwa keshatangulia. Mji wenyewe Wagiriki walishaushika zamani, tangu mwanzo wa karne ya 20 walikuja kwa maelfu kufanya kazi kwenye viwanda vya pamba kando ya mto Merrimack, wakakaa mtaa wa Acre, wakajenga kanisa la Holy Trinity lenye kuba la dhahabu ambalo mpaka leo ukipita lazima ugeuze shingo. Yeye alipofika viwanda vikubwa vya pamba vilikuwa vimefungwa, akapata kazi kiwanda cha kushona, malipo kwa kila kipande unachomaliza, akashona mpaka anastaafu. Wana watatu, wajukuu saba. Na jamani Wagiriki si wageni kwetu pia, muulize mzee yeyote wa Tanga au Moshi akuhadithie mashamba ya mkonge na kahawa ya Wagiriki kabla ya uhuru na hata baada, mpaka lilipokuja Azimio la Arusha.

Sasa mimi ni Mwislamu, mtoto wa Mombasa, najifunga mtandio. Siku za mwanzo Yiayia alikuwa akiniona anaingia wasiwasi, anashika msalaba wake shingoni, anamuita binti yake anamuuliza jambo kwa sauti ya chini. Binti yake mkubwa aliona haya sana kunitafsiria lakini nilimwomba aniambie ukweli. Alikuwa anauliza kama mimi ni Mturuki. Nikakaa nikafikiria, nikaona huyu hanitukani, huyu anakumbuka hofu ya mama yake. Wenzangu hapa ndipo wengi huwa tunakasirika na kuacha kazi, na kweli kuna nyumba ambazo inabidi uache maana ni ubaguzi mtupu, lakini pima kwanza. Mtu mwenye dimensia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, hofu za utotoni zinarudi zikiwa mbichi kabisa. Mimi nilimwomba binti amwambie natoka Afrika, Kenya, kando ya bahari. Halafu nikasoma habari za Kavala kwenye simu, nikakuta Muhammad Ali Pasha, yule mtawala wa Misri, alizaliwa hapo hapo Kavala 1769 na nyumba yake bado ipo na sanamu yake ipo mbele, nikamwonyesha picha. Alicheka mpaka akajifuta machozi, akaelekeza kidole kwenye farasi wa ile sanamu, akaongea dakika nyingi. Sikuelewa hata neno moja lakini siku hiyo alinishika mkono tukaenda jikoni. Baada ya muda akawa ndiye ananifunga mtandio asubuhi, anaukaza kidevuni namna wanavyofunga wajane wa kijijini kwao, maana na yeye tangu mumewe afariki alivaa nyeusi na kitambaa kichwani hajavua.

Pointi yangu ya kwanza basi: kabla hujaanza kazi, uliza mzee anatoka kijiji gani, sio nchi tu. Kijiji. Kisha soma. Wiki ya kwanza tumia muda wako kwenye hilo kuliko kupanga kabati la dawa.

Chakula ndicho kilichonifungua macho zaidi. Ejensi iliyonipeleka pale ilikuwa na karatasi ya lishe, kuku wa kusaga, viazi vya kusaga, maziwa, mayai, basi, wiki nzima hivyo. Na kwenye faili mtunzaji aliyekuwepo kabla yangu alikuwa ameandika mara kwa mara kwamba anakataa kula, hamu ya chakula imepotea, na daktari alikuwa tayari anaongelea dawa ya kuongeza hamu. Mimi nikawa naandika kila mlo kwenye daftari langu, sahani iliyorudi na iliyoisha, na siku nilipokaa nikayatazama yale maandishi nikaona kitu ambacho sisi tunaofunga tunakiona upesi kuliko wengine. Anakataa Jumatano na Ijumaa. Siku nyingine anakula. Nikampigia binti, nikamuuliza kwani kwenu Jumatano na Ijumaa kuna nini, kimya kidogo, halafu nikasikia analia kwenye simu. Ni siku za kufunga za Waorthodoksi, hakuna nyama, samaki, mayai wala maziwa, mama yake alizishika maisha yake yote na watoto wakaacha zamani hata wakasahau kwamba yeye hajaacha. Mwili ulikuwa unajua siku hata kama kichwa hakijui mwaka.

Hakukuwa na haja ya dawa yoyote. Jumatano nikampikia dengu zile ndogo za kahawia, mafuta ya zeituni, kitunguu, jani la bay, siki kidogo mwisho. Ijumaa fasolada, yaani supu ya maharagwe meupe na karoti na figili za majani. Kwaresima kubwa ikija, ufuta uliosagwa, zeituni, kamba na ngisi maana hao wanaruhusiwa, na horta ambazo ni mboga za porini zilizochemshwa na kukamuliwa ndimu, mtu wa Taita au Kisii akizionja hatauliza swali. Padri alikuja nyumbani akamwambia mgonjwa hafungwi na sheria ile, akamsomea sala, Yiayia akaitikia vizuri, na bado nyama siku ya Ijumaa hakugusa. Tukaacha kubishana. Cha msingi ni protini na maji, mweleze muuguzi, mtapata njia.

Haya, ile sindano. Kila jioni jua likizama Yiayia alikuwa hatulii, wengi wenye ugonjwa huu jioni ndiyo mbaya, anachukua pindo la blanketi kwa vidole vya kushoto, mkono wa kulia unapita kama unachoma kitu, unavuta, unasukuma nyuma, tena, tena, akinyang'anywa blanketi anapiga kelele. Kwenye faili imeandikwa ana fadhaa. Alikuja mama mmoja mtu mzima wa kanisani, hawa akina mama wa Philoptochos ambao kazi yao ni kusaidia wenye shida na wagonjwa, alipomwona tu akasema huyu anatunga tumbaku, na mimi nimetunga utotoni. Akamuuliza kitu, Yiayia akajibu bila kusimamisha mkono, kumbe anasema lazima wamalize rundo kabla baba hajarudi. Basi nikanunua kitambaa kizito cha kijani na cha kahawia, nikakikata vipande vya umbo la jani, nikatafuta ile sindano kubwa butu ya plastiki wanayotumia watoto na uzi mnene, nikamwekea mapajani saa kumi na moja jioni. Alitunga. Akijaza uzi mmoja ananipa naning'iniza dirishani pembeni ya pazia, ananyoosha kidole anataka nisogeze zaidi juani. Zile kelele za jioni zikapungua sana, na vidonge vya kumtuliza ambavyo vilikuwa vinamfanya ayumbeyumbe daktari akavipunguza.

Kwa hiyo mkiona mikono ya mzee inafanya kitu, msiandike fadhaa mkaishia hapo, tafuteni mtu wa rika lake na wa kwao aitazame. Bibi wa Murang'a atakuwa anachuma chai au anasuka kiondo, wa Lamu labda anashona kofia, nani atamtambulia akiwa kwenye chumba cha Boston?

Lugha nilijifunza ya kazi tu. Nilibandika karatasi kwenye friji na nyingine chooni, maneno nikayaandika kama ninavyoyasikia kwa Kiswahili: nero ni maji, ponai inauma, ela njoo, pame twende, siga siga polepole. Herufi zao sikuzihangaikia. Wagiriki wanasema vokali kama sisi kwa hiyo hata ukikosea kidogo unaeleweka, huo ni urahisi wetu ambao Mmarekani hana, tuutumie. Ukijua maneno thelathini tu ya maumivu, choo, njaa, baridi na kwenda, usiku unakuwa mwepesi.

Nizungumzie pesa kwa uwazi maana watu huwa wanaficha. Ejensi ile ililipa kwa siku, kiwango kimoja, mgonjwa akiamka usiku kucha ni shauri yako, na ukiumwa hulipwi. Mgongo wangu ulianza kuharibika hapo. Nilikonda, sikuwa naona watu wangu, nyumbani Mombasa wananipigia nawaambia niko sawa. Kisha dada mmoja wa Kikenya anayefanya kazi hizi miaka mingi akanielewesha kwamba Massachusetts ina sheria ya wafanyakazi wa majumbani iliyoanza Aprili 2015. Ukiajiriwa na familia moja kwa moja na unafanya saa 16 au zaidi kwa wiki, unapaswa kupewa makubaliano kwa maandishi. Ukifanya saa 40 na kuendelea unastahili mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki na 48 mfululizo kila mwezi. Ukitakiwa uwepo kazini saa 24, muda wa kulala na kula nao unahesabiwa kazi isipokuwa mmekubaliana vingine kwa maandishi, na hata hapo ni saa nane za usingizi tu zinaweza kutolewa. Kima cha chini tangu Januari 2023 ni dola 15 kwa saa. Nilipoyaweka mbele ya binti yake alishtuka, alikuwa analipa ejensi pesa nyingi akidhani zinanifikia. Tukaandikiana upya yeye na mimi, zamu za usiku akachukua kaka yake mara mbili kwa wiki, na kuanzia hapo niliweza kuvumilia. Usione haya kudai. Familia nyingi hazijui sheria, na ukianguka wewe mzee ndiye wa kwanza kuumia.

Mwaka 2024 Ramadhani ilianza Machi 11 na Kwaresima yao ikaanza Machi 18, kwa hiyo tukawa na wiki tatu hivi tunafunga wote nyumba moja. Naamka kula daku namkuta macho kodo, basi tunakaa jikoni, namtengenezea kahawa yao kwenye kale kabirika kadogo ka mkono mrefu, maji ya baridi, kahawa laini kama unga wa ngano, moto mdogo kabisa, unangoja povu lipande kando likutane katikati, ukichelewa sekunde mbili povu limepotea na atakutazama. Nilikuwa nakunywa na mimi kabla ya adhana. Machi 25 ni siku yao kubwa, Bikira Maria kupashwa habari na hapo hapo uhuru wa Ugiriki wa 1821, siku pekee katikati ya Kwaresima pamoja na Jumapili ya matawi ambayo samaki wanaruhusiwa, wanakaanga samaki wa chumvi na mchuzi mzito wa kitunguu saumu. Nikakaanga nikiwa na saumu yangu, siwezi kuonja, yeye ndiye alikuwa ananionjea, anatikisa kichwa chumvi bado, ongeza. Watu wananiuliza ilikuwaje Mwislamu kupika vya sikukuu za Wakristo, mimi naona nilipika chakula cha mgonjwa wangu, na yeye jioni ya magharibi alikuwa akinisogezea tende.

Na hapo ndipo kazi ya kumbukumbu ilipoanza kwa nguvu, na hapa naomba familia zisome kwa makini. Watoto wake walikuwa wanasema tutakaa naye tumuulize, Krismasi tutamuuliza, kiangazi tutamuuliza. Dimensia haisubiri kiangazi. Nilianza kumrekodi kwa simu wakati mikono yake iko kazini, anapokanda, anapotunga, kwa sababu ukimkalisha kumuuliza mambo ya zamani ananyamaza, ila mikono ikifanya kazi na mdomo unafunguka. Niliomba ruhusa kwa watoto wake kwanza, hilo lazima, usimrekodi mzee wa watu bila ruhusa na usiweke popote mtandaoni. Kila sauti nikaiandikia tarehe na alichokuwa anafanya, nikamtumia mjukuu mmoja aliyesoma shule ya Kigiriki anitafsirie. Mapishi yake hayakuwa na vipimo, ni konzi na jicho. Nikaweka bakuli la unga kwenye mizani kabla hajachota na baada ya kuchota, hivyo hivyo mafuta, hivyo hivyo sukari, ndiyo tukapata mkate wao wa Pasaka na zile karatasi nyembamba za unga za pai ya mchicha kwa gramu. Picha za zamani andika majina nyuma kwa penseli laini, kalamu ya wino inapenya.

Lakini hazina kubwa ilikuwa kwenye mkoba wake wa kanisani. Kijidaftari cha jalada la bluu, kimechakaa, kurasa zimeshikana kwa nta ya mishumaa. Waorthodoksi wana Jumamosi maalum za kuombea marehemu, na mtu anampelekea padri orodha ya majina asome. Yiayia alikuwa na orodha mbili, upande mmoja walio hai, upande wa pili waliofariki, na kila anayekufa anamkata upande huu anamwandika upande ule, tangu 1969. Humo mlikuwa na majina ya watu wa Anatolia ambao watoto wake hawajawahi kuwasikia, kaka wawili wadogo wa mama yake waliofia njiani 1922, na mtoto wake mwenyewe wa kwanza aliyefariki kijijini kabla hawajahama, ambaye hakuwahi kumtaja kwa yeyote. Mwanawe wa kiume mtu mzima wa miaka sitini alikaa sakafuni na kile kijidaftari mkononi hakuweza kuinuka. Familia ilikuwa imelipia huduma za kutafuta ukoo kwenye intaneti wasipate lolote la maana, na ukoo wote ulikuwa kwenye mkoba karibu na mlango. Tafuteni kwenye vitu vya ibada vya wazee wenu. Kwetu vipo kwenye jalada la msahafu, kwenye Biblia ya Kikuyu ya nyanya, kwenye kitabu cha chama.

Kiangazi akashuka haraka, akaacha kutembea, kisha kumeza kukawa shida. Ikaja hospisi nyumbani, yaani huduma ya mgonjwa anayekaribia kufa. Kitu kilichotuokoa ni kwamba mapema, kichwa chake kikiwa bado kinashika, alikuwa ametia saini hati ya kumteua binti mkubwa amwamulie mambo ya matibabu, bila ile karatasi watoto watatu wangegombana wodini. Jambo ambalo halikuwa limeandikwa ni mazishi. Mjukuu mmoja kwa nia njema kabisa akasema choma maiti ni nafuu, na kweli bei za mazishi huku zinatisha. Nyumba ikawaka moto. Kanisa la Kiorthodoksi halikubali kuchoma maiti na mtu aliyechomwa haendeshewi ibada ya maziko kanisani, padri akawaeleza taratibu, na mimi nikawaonyesha sanduku chini ya kitanda ambalo Yiayia alikuwa amenionyesha mwenyewe: gauni, soksi, kitambaa kipya, shuka alilolitarizi kwa mkono wake, na bahasha ya pesa. Alikuwa keshajipanga. Mama yangu Mombasa ana sanda yake kutoka Makka kabatini, kwa hiyo nilipoonyeshwa sikushangaa wala sikuuliza. Muulizeni mzee akiwa hai, na mtunzaji ukionyeshwa kitu kama hicho ripoti kwa familia siku hiyo hiyo.

Alifariki alfajiri. Usiku wa kuamkia maziko wakasoma sala mbele ya jeneza, kesho yake kanisani, nilikaa viti vya nyuma na hakuna aliyeniuliza kitu. Baada ya makaburini wakala samaki pamoja.

Siku ya arobaini ikikaribia mabinti walitaka kununua koliva, ile ngano ya kuchemsha ya kumkumbuka marehemu, ya kuagiza, halafu mdogo akasema tunayo sauti yake. Tunayo kweli, ya miezi michache kabla, anaeleza anapopika ya mumewe. Ngano nzima unaiosha, unaichemsha mpaka ipasuke tumbo, unaichuja, halafu unaitandaza juu ya taulo usiku kucha ikauke, hapo ndipo wengi wanaharibu, ikibaki na maji inachacha na mbele za watu ni aibu. Asubuhi unachanganya lozi, zabibu kavu, mdalasini, kotimiri iliyokatwa, punje za komamanga. Juu yake unatandaza unga uliokaangwa mkavu ili sukari isilowane, ndipo sukari nyeupe unaisawazisha kwa karatasi mpaka ing'ae, na msalaba wa lozi. Tulifanya wanne jikoni kwake, sauti yake inatoka kwenye simu iliyoegemezwa kwenye bakuli, tukifika mahali tunarudisha nyuma tusikie tena. Kwetu pwani arobaini tunaijua, hitima, watu wanakuja, wanasomewa, wanakula, nani asiyejua, kwa hiyo mikono yangu ilikuwa nyumbani ingawa nafaka ni nyingine.

Jambo la mwisho, na hili hakuna anayetuambia. Mzee unayeishi naye akifa unapoteza siku moja mtu, kazi na kitanda. Mchana watu wa kampuni ya vifaa wanakuja kuchukua kitanda cha hospitali, jioni unajiuliza utalala wapi wiki ijayo. Sheria ile ya Massachusetts inasema mfanyakazi anayeishi kwa mwajiri akiachishwa bila kosa apewe notisi kwa maandishi na makazi ya siku 30, au malipo sawa na wastani wa wiki mbili, lakini msitegemee kubishania hayo watu wakiwa msibani. Andikeni tangu mwanzo kwenye makubaliano yenu, kwa maneno wazi kabisa, kwamba mgonjwa akifariki mtunzaji anakaa siku kadhaa na analipwa wiki kadhaa. Sisi tuliandika, nikakaa pale mpaka arobaini ikapita, nikalia nikamaliza, nikatafuta kazi nikiwa na akili yangu. Kama una nyumba mpya ya kuanza wiki ijayo, anza na hicho kipengele, halafu kijiji, halafu siku zao za kufunga.